Mvua Ikija Same

Kijana alisoma mshororo wake mara tatu, na mara zote tatu hesabu ya vidole ikamfikisha tisa. Kwenye kaunta buku lake alikuwa ameandika: "Mvua ikinyesha Same, vumbi linapumzika." Kipande cha pili kilikuwa salama, mizani nane kamili. Cha kwanza kilikuwa na moja ya ziada. Akajaribu kuimeza kwa kuharakisha, lakini waliokuwa mezani walishaisikia. "Hapo pamejikwaa," akasema mama mmoja fundi cherehani, ambaye hakuwa amehesabu chochote.

Tulikuwa watu tisa wa mzunguko wetu wa ushairi, Jumamosi alasiri, kwenye darasa la kuazima hapa mjini Same, madirisha yamefungwa kwa ajili ya upepo wa vumbi. Hakuna aliyempa neno mbadala. Ndiyo kanuni yetu: kosa la mizani huonyeshwa, halafu mwenye shairi huachiwa alitatue mwenyewe. Kijana huyo, ambaye siku nyingine hupakia abiria kwenye bodaboda pale stendi, akainamia daftari lake. Sisi tukahamia kwenye shairi la mtu mwingine. Zilipita kama dakika kumi, akanyoosha mkono.

"Mvua ikija Same."

Nane. Tukausoma mshororo wote kwa pamoja, kwa sauti, mara mbili.

Wiki nzima iliyofuata nilikuwa nalo hilo "ikija" kichwani. Kunyesha ni kazi ya mvua popote ilipo. Kuja ni habari nyingine. Mji wetu uko bondeni, takriban mita 860 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Pare imesimama kati yetu na mawingu ya kusini-mashariki. Juu kwenye msitu wa Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462, ukungu unalowanisha majani mchana kutwa. Huku chini tunakaa tukiangalia wingu limejaa milimani, tunaanua nguo, tunatoa ndoo nje, na mara nyingi linamalizikia hukohuko. Kwa mtu wa Same mvua ni mgeni anayesubiriwa. Kijana alikuwa analijua hilo tangu utotoni, ila neno la kwanza lililomjia mkononi lilikuwa la kila mtu. Mizani ndiyo iliyomkatalia, ikamlazimisha arudi kutafuta, na aliporudi akakuta neno la kwao.

Nasema hivi nikijua kwamba kuna ugomvi wa zamani hapa. Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, pamoja na diwani yake, aliweka mambo wazi: vina, mizani, vituo, kila kimoja mahali pake. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na mjadala ukawaka vyuoni na magazetini. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi wakaja na Malenga wa Bara mwaka 1976, jina ambalo kwetu sisi wa mbali na pwani lilikuwa na uzito wake, kisha wakaandika Kunga za Ushairi mwaka 1979 kutetea upana zaidi. Mimi napenda pande zote mbili na sioni haja ya kuchagua. Kichomi nimekichakaza. Lakini kwa anayeanza, hasa anayeanza peke yake mahali pasipo na mshairi wa kumwongoza, mizani nane ni mwalimu asiyelala. Inakuambia hapana, halafu inanyamaza.

Swali langu ni jingine. Yule mama fundi cherehani alijuaje kwamba pamejikwaa, bila kuhesabu?

Nilimuuliza tulipokuwa tunafunga mlango. Akaniambia anasoma kila siku. Kabla ya kufungua kibanda chake anasoma beti mbili au tatu za kitabu chochote alichonacho, kwa sauti, huku anaondoa vumbi kwenye mashine. "Si kwamba nimesomea, kaka," akasema. "Ni masikio yamezoea."

Ni hilo tu ninalotaka kulisema katika makala haya, na nitalisema kwa kirefu kwa sababu nimeona wengi wakikwama hapo. Vijana wanaokuja kwetu na daftari wana mambo ya kusema, tena mengi. Wanapokwama ni kwenye sikio. Na sikio la ushairi halipatikani kwa semina ya siku mbili, wala kwa kukariri tofauti ya tarbia na takhmisa. Linajazwa polepole.

Upande wa Bangalala na Vudee, na sehemu nyingi za Pare ya Kusini, kuna kitu kinaitwa ndiva. Ni lambo dogo lililochimbwa ubavuni mwa mlima, linaloletewa maji na mfereji kutoka kwenye kijito. Asiyeijua anaweza kuuliza kwa nini watu wasiyapeleke maji shambani moja kwa moja. Jibu ni kwamba kijito chenyewe ni chembamba. Ukikielekeza shambani kama kilivyo, udongo unayameza maji kabla hayajafika mbali. Kwa hiyo mlango wa ndiva unazibwa jioni, maji yanajikusanya usiku kucha, na asubuhi ukizibuliwa yanatoka kwa nguvu, yanafika mpaka shamba la chini kabisa. Kila mwenye shamba ana zamu yake.

Robo saa ya kusoma kwa siku ni kijito chembamba vilevile. Ukiitazama leo huoni imekupa nini. Nimefuata utaratibu huu kwa miaka kadhaa sasa: saa kumi na moja alfajiri, kabla watoto hawajaamka, nasoma ukurasa mmoja wa utenzi wa kale, shairi moja la mtu aliye hai, halafu kitu ambacho si shairi kabisa, kama taarifa ya kilimo, Biblia, au gazeti la juzi lililofungiwa vitumbua. Nasoma kwa sauti ya chini lakini nasoma kwa sauti. Shairi la Kiswahili lililosomwa kimyakimya limesomwa nusu. Vina ni kazi ya sikio; jicho linaviona tu kama herufi zinazofanana.

Pembeni nina daftari la vina. Ni kitu cha kawaida kabisa: ukurasa wa "-me" una ngome, kiume, umeme, shime, ndume, ukurasa wa "-ka" umejaa mpaka pembeni kwa sababu nusu ya vitenzi vyetu huishia hapo. Silitumii kutafutia neno la kuziba pengo. Nalijaza ninaposoma, ili neno lije lenyewe ninapoandika. Asubuhi nyingine halijazwi neno hata moja, na hiyo nayo ni asubuhi ya kazi.

Watu hudhani mshairi ni mtu mwenye muda. Shaaban Robert, ambaye kila mtoto wa shule anamjua kwa jina, alikuwa karani. Alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, akaingia idara ya forodha mwaka 1926, akahamia idara ya wanyama, akarudi Tanga ofisi ya wilaya, akamalizia ofisi ya upimaji ardhi. Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo 3,000, aliutunga wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia akiwa bado mtumishi wa serikali, na haukutoka kitabuni mpaka 1967, miaka mitano baada ya kufariki kwake. Nimewahi kupiga hesabu kwa kalamu: beti 3,000 ni sawa na beti mbili kila siku, bila kuruka, kwa zaidi ya miaka minne. Sijui aligawaje siku zake, lakini hesabu hiyo hunisaidia ninapojiambia kwamba leo nimechoka. Zipo pia barua zake kwa nduguye Yusuf Ulenge, za mwaka 1931 hadi 1958, ambazo Mulokozi alizihariri kuwa kitabu. Anayetaka kuona maisha ya kuandika yalivyo, bila kupambwa, azisome hizo.

Yuko pia Abdilatif Abdalla, mtu wa Mombasa. Alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wake Kenya: Twendapi?, akakaa kifungoni mpaka 1972. Mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandika humo gerezani kwenye karatasi za chooni, yakatolewa nje kwa siri, yakachapishwa mwaka 1973 na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Habari ya karatasi za chooni inajulikana sana na inastahili kujulikana. Mimi hunishangaza zaidi jambo jingine. Ukiyafungua mashairi yale, hakuna mahali arudhi inapoyumba. Mtu aliyenyimwa karatasi na kalamu, aliyetengwa na wenzake, alikuwa na bahari zote za ushairi wa Kiswahili kichwani mwake. Zilitoka nyumbani: alilelewa na mzee wa ukoo aliyekuwa mshairi, na kaka yake ni Ahmad Nassir, malenga wa Mvita. Ndiva yake ilijazwa miaka mingi kabla mlango wa gereza haujafungwa.

Sasa sisi huku milimani nyumba za namna hiyo hatuna nyingi. Lugha ya mama ni Chasu, na Kiswahili wengi wetu tulikikuta shuleni, sokoni na kanisani au msikitini. Ushairi wa Kiswahili tuliukuta kwenye redio. Baba yangu alikuwa na redio ya betri nne, na kipindi cha Malenga Wetu cha Radio Tanzania kilipoanza, hakuna aliyeruhusiwa kupiga kelele. Mambo mengi yaliyosomwa pale sikuyaelewa. Mahadhi yake niliyaelewa, na mpaka leo nikisoma tarbia naisikia kwa sauti ile. Kabla ya redio lilikuwapo gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, ambalo washairi kutoka kila pembe walilitumia kutumiana mashairi, kujibizana na kukosoana. Mtu aliyekaa mbali na pwani aliweza kuingia kwenye malumbano na mtu wa Tanga kwa gharama ya stempu. Leo vijana wetu wanatumiana sauti kwa simu, shairi limeghaniwa chooni kwa sababu ndiko kwenye mwangwi mzuri. Nalifurahia hilo kwa dhati. Shairi limerudi kinywani.

Shuleni ndiko linakokufa, na inaniuma kulisema kwa sababu walimu wengi ni rafiki zangu. Kwa miaka mingi wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wamesoma Mashairi ya Chekacheka ya T. A. Mvungi kwa ajili ya mtihani, na wale wa kidato cha tano na cha sita wakakutana naye tena kwenye Chungu Tamu. Mvungi ni jina lisilohitaji maelezo katika milima hii. Ukiita "Mvungi" sokoni Mwanga watageuka wengi. Ungetegemea basi mtoto wa hapa akishike kitabu hicho kama anayeshika cha mjomba. Anachokishika ni fotokopi ya uchambuzi: dhamira ya kwanza, dhamira ya pili, tamathali za semi, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Binti mmoja anayesoma sekondari alipokuja kwenye mzunguko wetu mara ya kwanza alituambia, kwa adabu kabisa, "Shikamooni. Mimi ushairi naujua, ila sijawahi kuusikia." Alikuwa ameandika insha nzima kuhusu mahadhi na hajawahi kuyasikia mahadhi.

Siku hiyo hatukufanya kitu kingine. Mwalimu wetu mstaafu, ambaye ameshapita miaka 70, alisimama akaghani beti sita. Mwanzoni binti alicheka kidogo kwa aibu, halafu akatulia, halafu midomo yake ikaanza kumfuata kwenye kibwagizo.

Kuhusu warsha nina la kusema, kwa kuwa nimehudhuria za kutosha. Dar es Salaam pana mahali pazuri kwa waandishi, na moyo wangu huwa mwepesi ninapopita Soma, pale alipojenga Demere Kitunga makao ya wasomaji. Zimekuja tuzo pia: Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein, tuzo iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, na tangu 2023 Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10. Yote haya ni heri. Ila nimewahi kutoka Same usiku kwenda kwenye warsha ya ushairi ambayo kwa siku mbili nzima hatukusoma shairi hata moja mpaka mwisho. Tulionyeshwa slaidi, tukagawanywa makundi, tukapewa vyeti. Nilirudi na cheti na usingizi. Basi lilipopita Makanya jua likiwa limeshachomoza, niliapa kwamba kama nitaanzisha kitu nyumbani, kitakuwa cha kusoma.

Ndivyo tulivyo sasa. Kila mtu huja na mashairi mawili: moja la mtu mwingine, moja lake. La mwingine husomwa kwanza. Asiyeleta la mwingine hasomi lake. Kanuni hii imetugharimu watu, nakiri; waliokuja kusomewa tu hawakurudi. Waliobaki wameanza kuazimana vitabu bila kuombwa. Juzi nimemwona yule kijana wa bodaboda amefunga kitabu kwa mpira nyuma ya kiti chake, kimevikwa nailoni kisilowe.

Kazi yangu mwenyewe kwa sasa ni utenzi wa mbiru. Wapare hawahitaji kuelezwa, lakini kwa msomaji wa mbali: ilikuwa kodi ya kupimia mali ya mtu, iliyoletwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1940, ikapewa jina la ushuru wa kale. Mwaka 1945 maelfu ya wakulima walishuka kutoka milimani, wakafika hapa Same, wakakaa. Walikaa kwa zamu, hawa wakirudi kulima wengine wakishuka. Mwaka 1946 wanawake nao wakaingia kwa nguvu. Mwaka 1947 kodi ikaondolewa. Profesa Isaria Kimambo, mtoto wa milima hii aliyekusanya simulizi za wazee wetu na kuziweka katika historia, aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hilo mwaka 1971.

Nilianza utenzi huo vibaya. Nilikuwa nimesoma sana, nina tarehe zote, nikaandika beti 40 kwa wiki mbili. Niliposoma kwa sauti mbele ya wenzangu, fundi cherehani akasema ni kama kusomewa muhtasari wa kikao. Alisema kweli. Nilizitupa zote 40. Nikarudi kusoma, safari hii si historia bali tenzi za wale waliosimulia vita vya zama zao: Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga juu ya Wajerumani walipoitwaa pwani ya Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi juu ya Maji Maji. Nilitaka kusikia namna wanavyoingiza jina la mtu, idadi ya askari, jina la kijiji, bila ubeti kukakamaa. Nilisoma ukurasa mmoja kila alfajiri, kwa miezi minne, bila kuandika mstari.

Kulikuwa na matatizo madogo pia, ambayo nilifurahi kuyaleta mezani. "Mbiru" ni mizani ngapi? Mbili, akasema mwalimu wetu mstaafu, kama mbegu. Na "Mpare"? Tatu, kwa sababu ile "m" inasimama yenyewe. Tulibishana hivyo saa nzima, na sitaki kubadilishana saa hiyo na cheti chochote.

Halafu siku moja nilipanda upande wa Bangalala kwa shughuli za familia, nikakuta njia imejaa watu. Walikuwa wanazoa tope kwenye ndiva, kwa majembe na makarai, wanaume kwa wanawake, wazee wamekaa kivulini wakihesabu nani hajafika. Pikipiki iliyonibeba ilitaka kupita. Mama mmoja aliyekuwa na tope mpaka magotini akasimama katikati ya njia, akamnyooshea dereva karai, akamwambia kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya pili: "Leo ni msaragambo!"

Msaragambo ni kazi ya pamoja, haipitwi. Dereva akazima injini, akachukua karai. Mimi nikavua viatu. Na nikiwa nashuka kwenye lile tope baridi, vidole vya mkono wangu wa kushoto vilikuwa vinahesabu vyenyewe: le-o, ni, m-sa-ra-ga-mbo. Nane. Nilirudia tena kuhakikisha, nikiwa na karai kichwani. Jioni niliporudi Same sikusubiri alfajiri. Niliuandika juu ya ukurasa mtupu, na ubeti wa kwanza wa utenzi wangu ukaanzia hapo.